Kabla Fundi Hajapiga Windows

Kila anayeniletea kompyuta hapa steshenari kwangu Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, akitaka "apigiwe Windows mpya", namuuliza kwanza: mafaili yako yapo wapi? Wengi hujibu papo hapo, "Yapo Documents." Mwanzoni mwa mwaka 2020 na mimi nilijibu hivyohivyo mbele ya fundi, na jibu lile linaniuma mpaka leo.

Windows 7 ilikuwa inafikia mwisho wake. Microsoft walishatangaza kwamba baada ya tarehe 14 Januari 2020 hawatatoa tena viraka vya usalama, na mimi kutwa nzima napokea flashi za wanafunzi zenye virusi vya kila kabila. Nikaona nisichelewe. Nikaipakia kwenye bajaji mashine yangu ya mezani, Dell ya mtumba (mtumba wa dukani, siyo Mtumba kulikojengwa wizara), hadi kwa fundi mmoja mjini. Akaniuliza, "Dada, humu kuna kitu cha muhimu?" Nikamwambia, "Kaka, vyote vipo Documents, ninakilie hiyo tu." Kijana wa watu akanakili Documents, akafomati, akapiga Windows 10. Jioni nikachukua mashine nyepesi kama imetoka kiwandani. Alifanya nilichomwambia, simlaumu. Nilipoiwasha nyumbani ndipo nikaikumbuka Desktop.

Juu ya Desktop kulikuwa na ripoti za mafunzo kwa vitendo za wanafunzi saba, daftari langu la madeni la Excel, na sauti ya kikao cha ukoo kilichofanyika Mlali, kule Kongwa. Dakika 52. Babu mdogo anaeleza mipaka ya shamba: kutoka mti gani hadi korongo lipi, nani alipewa na nani aliazimwa. Babu mdogo alikuwa ameshafariki. Ripoti nilizichapa upya usiku na mchana. Madeni, wadaiwa walifurahi. Sauti nitaisimulia mwishoni.

Tarehe 14 Oktoba 2025 ikawa zamu ya Windows 10, na foleni ikarudi ileile. Haya hapa ndiyo ninayowafanyia watu kabla sijagusa mashine yao. Unaweza kuyafanya mwenyewe nyumbani.

Unapandisha au unafomati?

Mtaani tunasema "kupiga Windows", na neno hilo moja limebeba kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kupandisha toleo juu ya lililopo. Mashine inawaka kama kawaida, unaendesha programu ya Microsoft ukiwa ndani ya Windows yako ya zamani, na kabla haijaanza kazi inakuuliza kitu gani kibaki. Kuna majibu matatu, na kwenye kioo yameandikwa hivi: "Keep personal files and apps", kwamba mafaili na programu vibaki, "Keep personal files only", mafaili yabaki lakini programu utaweka upya, na "Nothing", ambayo inafagia.

Kazi ya pili ni kuwasha mashine kwa flashi na kuweka Windows upya. Huku hakuna swali la upole. Unaonyeshwa orodha ya vipande vya diski, unachagua, unabonyeza Delete au Format, imekwisha. Mafundi wengi wanaipenda hii, na wana sababu: inachukua muda mfupi, virusi vinaondoka, mashine inatoka safi. Na kuna mahali hakuna njia nyingine. Windows 11 ipo ya biti 64 tu, kwa hiyo kama Windows 10 yako ni ya biti 32, huwezi kupandisha juu yake, lazima uanze upya. Ndivyo ilivyo pia kwa mashine isiyowaka kabisa.

Basi muulize fundi kwa maneno hayohayo: "Kaka, unapandisha au unafomati?" Akikwambia anapandisha, wala mafaili hayaguswi, mshukuru, kisha fanya nakala vilevile. Kupandisha kwenyewe mara nyingi huisha salama. Kinachoharibu ni diski iliyochoka, umeme, na mtu aliyebonyeza "Next" bila kusoma ukurasa ule wa majibu matatu.

Kuhusu kama mashine yako inafaa kwa Windows 11 sitakaa sana. Inataka angalau RAM ya GB 4, diski ya GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache. Mashine nyingi tunazouziwa za mtumba zinaanguka hapo kwenye prosesa. Zipo njia za kuilazimisha, na mimi sizipendi kwa mashine ya mtu anayeitegemea. Bora ujiandikishe kwenye mpango wa Microsoft wa kuongezewa viraka vya Windows 10 hadi Oktoba 2026 ukijipanga, au uhamie Ubuntu, mfumo mwingine wa bure unaokaa mahali pa Windows. Ukihamia Ubuntu kuna ukurasa mmoja wa kuogopa: unaosema "Erase disk and install Ubuntu". Unafuta diski nzima, Windows na vyote vilivyomo, haukubakizii hata picha ya harusi.

Mafaili yapo wapi kweli

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu wanaruka.

Kuna mwalimu mstaafu wa kutoka Bahi aliniletea HP yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba binti yangu. Nimeambiwa hii imezeeka, nayo inataka kustaafu kama mimi."

"Tutaiongezea mkataba. Mwalimu, mafaili yako huwa unayaweka wapi?"

"Mimi? Naweka kwenye Word."

Usicheke. Mwalimu alikuwa anasema anachokiona. Anafungua Word, anakuta orodha ya alizofungua karibuni, anabonyeza, barua yake inatokea. Kwa macho yake barua zinaishi ndani ya Word. Tulipofuatilia moja moja, tukakuta nyingine zipo Documents, nyingine Downloads kwa sababu alikuwa anazifungua kutoka kwenye barua pepe na kuziendeleza palepale, nyingine ndani ya folda iitwayo "New folder (3)" juu ya Desktop, na mbili zilikuwa kwenye flashi iliyobaki Bahi kwa mjukuu. Ungenakili Documents peke yake, mwalimu angerudi na robo ya mali yake.

Fanya hivi. Fungua This PC, ingia diski C, ingia Users, utaona folda yenye jina lako au jina alilokupa fundi aliyetangulia (zipo mashine nyingi Dodoma ambazo mwenyewe anaitwa "Admin" au "pc"). Hiyo ndiyo nyumba yako. Ndani yake kuna Desktop, Documents, Downloads, Pictures, Videos na Music. Usianze kuchaguachagua, beba nyumba yote. Kisha rudi nyuma, angalia sebule ya C yenyewe, maana watu wanapenda kufungua folda palepale nje ya Users: "KAZI", "MICHANGO YA HARUSI", "Picha za mama".

Halafu kuna D. "Zangu nimeweka D, zipo salama." Ni kweli nusu. D mara nyingi ni kipande cha diski ileile moja, kama chumba cha pili ndani ya nyumba hiyohiyo. Fundi akigusa chumba cha C pekee, D inabaki. Akivunja kuta zote ili apange upya, D nayo inaondoka. Na kwenye ule ukurasa wa orodha ya vipande hawaandiki C wala D, wanaandika Partition 1, Partition 2, Partition 3. Mtu aliyechoka saa mbili usiku anakosea kirahisi.

Baada ya hapo, tafuta kwa aina. Kwenye kisanduku cha kutafutia, ukiwa ndani ya C, andika *.docx na *.doc uone Word zote zilipo, kisha *.xlsx, *.pdf, *.jpg, *.mp4. Za sauti ni *.mp3, *.m4a na *.ogg. Zipange kwa tarehe. Utakutana na vitu ulivyovisahau kabisa, na hapo ndipo utajua kwa nini nasisitiza.

Vipo pia vinavyojificha. Kwenye View washa "Hidden items", ndani ya folda yako itatokea AppData iliyofifia. Humo programu huweka mambo yake: anwani ulizohifadhi kwenye kivinjari, mipangilio, na mara nyingine data yenyewe. Kama unatumia Outlook ya kwenye mashine kwa barua pepe za ofisi ndogo, tafuta *.pst, faili hilo moja linaweza kuwa na barua za miaka kumi. Wafanyabiashara wenye Tally, ile programu ya hesabu za biashara, msitegemee kunakili folda kwa kubahatisha. Tumieni amri ya bekapu iliyomo ndani ya Tally, kisha jaribuni kuirejesha kwenye mashine nyingine. Nywila za kwenye kivinjari unaweza kuzitoa zikawa faili, ila faili hilo linasomeka na yeyote kama orodha ya mahudhurio. Ukishalitumia lifute, na usilichapishe kwenye printa ya steshenari, hata yangu.

Mtego wa mwisho ni OneDrive. Kwenye Windows 10 na 11, mtu akiingia kwa akaunti ya Microsoft, anaweza kukuta Desktop na Documents zimehamishiwa OneDrive bila yeye kuelewa alikubali lini. Ukiona alama ya wingu pembeni ya faili, faili hilo halipo kwenye mashine. Lililopo ni jina tu, lenyewe liko kwenye seva. Ukilinakili bila intaneti hupati kitu. Bonyeza kulia juu ya folda, chagua "Always keep on this device", subiri mawingu yote yageuke tiki za kijani, ndipo unakili. Na ujue nafasi ya bure ya OneDrive ni GB 5, kwa hiyo ikijaa, mafaili mapya yanabaki kwenye mashine pekee huku wewe ukidhani yamepanda.

Kunakili

Nakili, usikate. Ukikata halafu umeme ukakatika katikati, unaanza kujiuliza lipi limeshavuka na lipi limeishia njiani. Ukinakili, la zamani lipo pale pale.

Diski ya nje ndiyo chombo kizuri. Flashi inafaa kwa vitu vichache, ila flashi zina vituko vyake, na mimi nimeviona vyote. Zipo za bandia: kwa nje imeandikwa TB 2, kompyuta nayo inakubali kwamba ni TB 2, lakini ndani kuna GB 16 au 32. Unajaza, haikatai, inaendelea kupokea huku inaandika juu ya vya mwanzo au inatupa vya mwisho. Majina ya mafaili yote utayaona, kufunguka hayafunguki. Ukinunua flashi au diski ya bei ya kushangaza, ijaze vitu visivyo na thamani mpaka pomoni, kisha ufungue vya kwanza na vya mwisho. Ipo pia programu ndogo ya bure, H2testw, inayojaza na kusoma yenyewe halafu inakupa jibu.

Kituko cha pili: unanakili video ya harusi, flashi ina nafasi ya GB 20, inakwambia faili ni kubwa mno. Haijajaa. Imefomatiwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Toa vilivyomo, ifomati kwa exFAT, itapokea. Nasema toa vilivyomo kwanza, maana kufomati flashi ni kuifuta.

Cha tatu ni virusi vya "shotikati". Mteja anachomeka flashi, folda zote zimegeuka vishale vidogo, anapiga kelele kwamba vitu vimefutika. Mara nyingi havijafutika, vimefichwa. Usivibonyeze vile vishale. Isafishe kwanza kwa programu ya kuua virusi, kisha fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, na kama flashi ni F, andika:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Folda zinarudi kuonekana. Futa vishale. Ila flashi ya namna hiyo usiipe kazi ya kutunza nakala yako ya pekee.

Kama mafaili ni mengi, kunakili kwa kipanya kunachosha: kunafika katikati, faili moja linagoma, kazi yote inasimama kukusubiri. Mimi hutumia robocopy, ambayo imo ndani ya Windows tayari. Tuseme folda yako inaitwa asha na diski ya nje ni E:

robocopy C:\Users\asha E:\Nakala /E /XJ /R:1 /W:1 /LOG:E:\orodha.txt

Hiyo /E inabeba na folda za ndani. /XJ inaizuia isizunguke kwenye njia za mkato zilizomo AppData, maana bila hiyo inaweza kunakili kitu kilekile mpaka diski ijae. /R:1 na /W:1 zinaiambia ikikwama ijaribu tena mara moja baada ya sekunde moja, isonge mbele. Ikimaliza, fungua orodha.txt uende chini kabisa, kwenye safu ya FAILED. Pakiwa na sifuri, vizuri. Pakiwa na namba, panda juu uone ni yapi yamegoma. Mengi yatakuwa ya programu zilizokuwa wazi. Funga programu zote, kwanza kivinjari, urudie amri. Yale iliyokwisha kuyanakili haiyanakili upya.

Diski yako ikiwa inagonga tik-tik, au inanakili kwa mwendo wa konokono, sahau habari ya Windows mpya kwa siku hiyo. Beba picha na nyaraka kwanza, vingine baadaye, na baada ya hapo badilisha diski.

Sasa hakiki. Bonyeza kulia folda ya asili, chagua Properties, soma idadi ya mafaili na Size. Fanya hivyohivyo kwenye nakala. Zilingane, au tofauti iwe ile uliyoiona kwenye orodha. Baada ya hapo chomoa diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine kabisa, ya jirani, ya shemeji, ya kwangu. Fungua faili la zamani kuliko yote, jipya kuliko yote na kubwa kuliko yote. Fungua picha tatu. Kama kuna sauti, usisikilize sekunde za mwanzo tu. Ruka hadi katikati, ruka hadi mwisho.

Mwalimu alipoona namfanyia yote hayo alisema, "Binti yangu, unasahihisha kama mtihani wa darasa la saba." Nikamwambia ndiyo, na yeye ndiye msimamizi, akae.

Nakala ya pili iwe nyumba nyingine. Yangu ipo kwa dada yangu Kikuyu, ndani ya kopo la maziwa lililofungwa vizuri, kwa sababu vumbi la Dodoma halina adabu. Na vile visivyorudishika kabisa, yaani vyeti, barua ya ajira, nakala ya hati ya kiwanja, picha za marehemu, vipeleke Google Drive. Nafasi ya bure ni GB 15, zikigawanwa na barua pepe zako za Gmail. Usijaribu kupandisha diski nzima kwa bando la simu. Chagua hivyo vichache, vipandishe usiku ukiwa umelala.

Funguo

Mashine nyingi za miaka ya karibuni zinafunga diski kwa BitLocker, au kwa ndugu yake mdogo anayejiwasha mwenyewe ukishaingia kwa akaunti ya Microsoft. Mwenye mashine hajui. Siku fundi anaingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayotangulia Windows, kuwasha TPM au Secure Boot (kinga ya wakati mashine inawaka), mashine inawaka na kioo cha bluu kinachodai ufunguo wa tarakimu 48. Bila hizo tarakimu, hata ukitoa diski ukaichomeka kwingine, husomi kitu. Kwa hiyo kabla ya yote tafuta "BitLocker" kwenye menyu ya Start, uangalie. Kama imewashwa, hifadhi ufunguo: uandike kwenye karatasi, au upige picha kwa simu, au uhakikishe unauona ukiingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kutoka kwenye simu. Kisha, kama ipo kwenye mashine yako, chagua "Suspend protection" kabla fundi hajagusa BIOS.

Akaunti hiyo yenyewe, nywila unaikumbuka? Na namba ya simu inayopokea msimbo ni ile uliyonayo, au ni laini iliyopotea mwaka juzi kwenye daladala? Shughulikia hilo leo, siyo mashine ikiwa imefunguliwa mezani.

Na ninyi wa Mji wa Serikali mnaoniletea mashine zenye kibandiko cha mali ya umma: mimi sizigusi. Nendeni kwa watu wenu wa TEHAMA.

Siku yenyewe

Anza asubuhi. Angalia luku kama ina uniti. Kompyuta mpakato ijae chaji na ibaki kwenye umeme. Ya mezani iwe na UPS, ile betri ya akiba, na kama haina, azima. Siku ya radi, kule Januari, acha kabisa. Kingine ambacho watu wa mikoa yenye ukijani hawakijui: puliza vumbi kwanza. Mashine iliyoziba feni inapata joto, na kupandisha Windows ni kazi nzito ya saa nzima au zaidi. Nimeona moja ikijizima yenyewe katikati kwa sababu ya joto. Ndani mlikuwa na udongo wa kuotesha mlenda.

Chomoa diski ya nje yenye nakala. Hata kama unapandisha tu, chomoa. Ikibaki imechomekwa wakati wa kuweka upya, nayo itatokea kwenye ile orodha ya vipande, na kuna siku mtu atafomati nakala akaacha mashine. Kama ni kwa fundi, rudi nayo nyumbani, usimwachie.

Ukifika kwenye ukurasa wa majibu matatu, soma kwa sauti. Kama jibu la kwanza limefifia halibonyezeki, ujue kuna kitu hakijalingana, pengine toleo au lugha ya Windows. Simama hapo, usichague la chini yake kwa hasira. Na asilimia zikikwama kwenye namba moja nusu saa nzima, iache. Kuizima wakati huo ndiko kunakoua mashine.

Ikishawaka, usifute chochote. Angalia Desktop, Documents, picha. Ukikuta patupu, tulia: ingia C, Users, uone kama ipo folda ya jina lako la zamani pembeni ya jipya. Mara nyingi umeingia kwa akaunti nyingine na vitu vyako vipo chumba cha jirani. Utaona pia folda iitwayo Windows.old. Hiyo ndiyo nyumba ya zamani, na kwa siku 10 unaweza kurudi nyuma kabisa kupitia Settings, System, Recovery, "Go back". Baada ya hapo Windows inaifuta yenyewe. Kwa hiyo asije kijana wa kusafisha kompyuta siku ya pili akakwambia kuna GB 20 za takataka azifute.

Nakala yenyewe kaa nayo angalau mwezi, maana vitu havikumbukwi siku moja. Mwalimu alinipigia wiki ya tatu: risala ya mahafali ya mwaka 2011 haionekani. Ilikuwa ndani ya diski yake ya nje, folda ya Downloads, imeandikwa "Document1".

Kama yameshapotea

Zima mashine. Usipakue programu ya kurejesha mafaili ukaiweka kwenye diski ileile, usichape, usivinjari. Kwenye diski za zamani zinazozunguka, kilichofutwa kinakaa mpaka kiandikwe kingine juu yake, na kila dakika unayotumia mashine unaandika. Toa diski, ichomeke kwenye mashine nyingine kama diski ya pili, itafutwe kutoka huko. Kwenye SSD, diski mpya zisizozunguka, matumaini ni madogo zaidi, kwa sababu Windows inaiambia SSD ifute kabisa nafasi zilizoachwa wazi, nayo inafanya hivyo yenyewe kimyakimya.

Mimi sikuizima. Nilikuwa na ripoti saba za kuchapa na mashine ni ile moja. Nilichapa juu yake wiki mbili, nikahifadhi, nikachapisha, ndipo nikaipeleka kwa fundi mwingine kutafuta sauti ya Mlali. Alikaa nayo siku tatu, akanipigia, "Dada, nimepata kipande." Ni dakika 11 za mwanzo. Babu mdogo anawasalimu watu, mbukwenyi, wanaitika, anaomba maji, anataja waliofika na wasiofika, kuku wanasikika nyuma. Kisha anasema, "Mpaka wa kwanza unaanzia kwenye mbuyu," na hapo inakatika.